Ng'ombe Watafuata

Mume wangu Gisiri aliiamini redio kuliko alivyoniamini mimi. Mwaka wa sitini na tatu redio ilisema Kenya, Uganda na Tanganyika zitakuwa nchi moja kabla ya mwaka kwisha. Akazunguka Isebania nzima akitangaza kwamba mpaka umekufa, bado kuzikwa tu.

Wakati huo binti yetu Nyangi alikuwa amechumbiwa na Nchagwa, kijana wa upande wa Tarime, huko Tanganyika. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari, ila mabwana mifugo walikuwa wamezuia mifugo kuvuka mpaka kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wenzetu waliwapitisha wa kwao porini kwa siri. Gisiri akakataa.

"Mahari ya mtoto wangu ipite porini kama ya wizi? Krismasi mpaka hakuna! Nchagwa achukue bibi yake. Ng'ombe zitafuata mchana, watu wakiona."

"Baba Maroa," nikamwambia, "kwetu msichana hufuata ng'ombe."

"Wewe ulisikia redio?"

Nyangi akaenda hivyo hivyo, na wanawake wakanicheka kisimani.

Krismasi ikaja, mpaka upo. Baadaye hata pesa zikagawanyika, kila nchi na zake. Kila tulipoomba kibali tuliambiwa ugonjwa umezuka tena, kwao au kwetu. Mwanangu Maroa, aliyetegemea ng'ombe wa dada yake ili aoe, akaona wachumba wakiolewa na wengine. Kisha redio ikasema viongozi wametia saini jumuiya mpya, makao yake Arusha, na mwaka wa sitini na nane ikasema Zambia, Ethiopia na Somalia nazo zinataka kuingia.

"Unaona? Inakua!" Gisiri akanichekea. Nilitaka kumtemea mate.

Wiki hiyo hiyo Nyangi alifariki akijifungua, yeye na mtoto.

Bila ng'ombe hakuwa mke wa mtu, na kwetu asiye mke hazikwi kwa mume. Nchagwa akawaswaga ng'ombe wake hadi kizuizi cha mpakani, amwoe angalau akiwa maiti. Sisi tulisimama upande wetu tukiwatazama. Bwana mifugo akasema karantini haijaisha. Gisiri akamsihi, akamtajia Arusha, akamtajia Zambia.

"Mzee, hiyo ni maneno ya wakubwa. Mimi niko na ng'ombe hapa."

Wakarudishwa. Kesho yake Nchagwa alikuja na mkokoteni uliofunikwa shuka. Askari akainua shuka.

"Ni nani huyu?"

"Bibi yangu," Nchagwa akajibu. Wazee wa kwao wakatazama chini.

Askari akavua kofia, akafungua kizuizi. Kibali hakuulizia.

Tulimzika Nyangi nje ya ua, wanakozikwa mabinti wasioolewa. Gisiri alikuwa bado ameshika jembe nilipomsogelea.

"Umeona, Baba Maroa?" nikamwambia. "Amevuka mchana, watu wakiona."