Besi Kutoka Loresho

Jumamosi moja ya mwaka 1977, baada ya chakula cha mchana, Nanjala alitandaza gazeti juu ya meza, akachomeka chuma cha kulehemu kwenye umeme na kukaa kukingojea kipate moto. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za halmashauri ya jiji pale Woodley, yenye sakafu nyekundu ya kung'arishwa. Mlangoni mama mkwe wake, Nakhumicha, alikuwa akichambua kunde huku ameipa meza mgongo. Tangu mwanawe Shem apotee, hakupenda kukaa akimtazama mkamwana wake usoni. Upande wa pili wa meza alikaa Muthama, fundi wa redio mwenye kibanda nyuma ya River Road, na mbele yake mchoro mkubwa kama shuka.

Walichokuwa wakijenga ni kinanda cha umeme cha kwaya ya kanisa, kile ambacho wenyewe wanakiita sinthesaiza. Kinanda cha zamani cha kukanyaga kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia miguuni, na kwaya ikawa inaanza nyimbo kwa kikohozi cha mwalimu. Ndipo Muthama akaona katika jarida la mafundi kwamba kuna watu Uingereza wanaouza kinanda kikiwa vipande, kila kitu ndani ya katoni, ukajijengee mwenyewe. Kwaya ikachanga. Katoni ilipofika posta kuu, Muthama aliibeba begani akapanda nayo Kenyatta Avenue, na kila aliyemuuliza amebeba nini alimjibu kwamba ni mali ya Mungu.

Kulehemu kulimwangukia Nanjala kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa katika kiwanda cha redio huko Industrial Area, kwenye safu ya wanawake wanaounganisha transista kutwa nzima. Muthama alikuwa na mkono mzito na hakuona haya kusema hivyo.

"Hiyo ya mistari ya kahawia, Mama Nekesa, inaenda hapa chini."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Lakini usiichome sana, itakufa."

Shem, mume wa Nanjala na baba wa binti yao Nekesa, alikuwa mchimba mitaro. Kazi alitafutiwa na Were, mtu wa kwao Bungoma, nyapara wa kampuni moja ya ujenzi na mzee wa kanisa hilo hilo. Ijumaa moja, miaka mitatu nyuma, Shem alitoka asubuhi kwenda Loresho kuchimba mtaro wa maji machafu kwenye nyumba za wakubwa, wala hakurudi. Jumapili Were akaja na kofia mkononi. Alisema Shem ameonekana akipanda basi la Kampala na mwanamke aliyekuwa akiwauzia chai pale kazini. Huo ulikuwa wakati ambao Waganda wenyewe walikuwa wakiikimbia Kampala, lakini hakuna aliyesimama kulifikiria hilo. Habari ya mwanamume kumfuata muuza chai huaminiwa upesi, hasa na watu wanaompenda.

Tangu siku hiyo Nanjala hakujua yeye ni nani. Mjane ana mahali pake. Hunyolewa, watu huja kulia naye, hupishwa kiti, kisha siku moja huambiwa inatosha na maisha yanaendelea. Mke aliyekimbiwa hana mahali. Kwaya ilimwondoa mstari wa mbele bila kumwambia kwa nini. Nakhumicha alipanda gari moshi kuja kuitazama nyumba iliyomshinda mwanawe, akabaki, akila chakula cha Nanjala na kumwita "bibi ya Shem" kana kwamba jina lake limepigwa marufuku. Siku nyingine Nanjala alimchukia Shem kwa moyo wake wote, na siku nyingine alimwekea sahani. Kuchukia na kungoja kwa pamoja kulimchosha kuliko kiwanda. Alichotaka ni kuambiwa neno moja tu, lolote lile, alimradi liwe la kweli.

Kinanda kilikamilika baada ya Jumamosi kadhaa, na hapo ndipo Muthama alipokosea. Ni kosa ambalo fundi yeyote wa rika lake angelifanya. Alikuwa amekulia katika zile redio kubwa za zamani ambazo hazitulii mpaka upigilie chuma ardhini, uzifunge kwacho kwa waya, na ukinyweshe chuma hicho maji wakati wa kiangazi. Mchoro wa Waingereza haukutaja kitu kama hicho. Muthama alidhani wamesahau. Akapigilia nondo kwenye kitalu cha sukuma wiki chini ya dirisha, akapitisha waya hadi mgongoni mwa kinanda. Nakhumicha, aliyekuwa akimwagilia sukuma, akaimwagilia na nondo.

"Hii nayo itaota?" aliuliza.

"Inataka maji tu, mama. Ikikauka, chombo kinakoroma."

Wakawasha. Muthama alibonyeza kibao cha katikati akitarajia mlio, na badala yake spika ikatoa sauti ya fuko akichimba. Baadaye yalisikika maji yakipita bombani, na mizizi ya mikaratusi ya Ngong Road ikifyonza taratibu. Muthama alisema waya umeshika vizuri kupita kiasi. Akazungusha kifundo cha kwanza kidogo, na mlio ukazidi kushuka chini, ukielekea kaskazini. Kutoka Woodley hadi Loresho ni mwendo, lakini ardhi haijakatwa mahali popote. Kisha mtu akasafisha koo.

Vinanda hivyo vya mwanzo vilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo waliokuwa huko chini iliwabidi wangojane. Wa kwanza alisema anaitwa Mwanzia, mtu wa Machakos, akauliza kama mvua imenyesha kwao. Muthama akamjibu kwa Kikamba kwamba imenyesha kidogo, upande wa milimani. Wa pili hakuwa mtu wa maneno, alisalimu tu akapisha. Wa tatu alianza kuimba besi ya wimbo wa Pasaka, na aliingia amechelewa, mahali pale pale alipozoea kuchelewa. Nanjala akakiweka chuma cha kulehemu kwenye kisahani.

"Shem," alisema.

"Eeh. Nekesa ako wapi?"

"Nimemtuma dukani."

"Na mama?"

"Niko," alisema Nakhumicha kutoka dirishani, debe la maji bado mkononi.

"Mayi, mimi sikuenda Kampala."

Alieleza bila haraka, akipumzika wenzake walipotaka kuongeza neno. Mtaro ulikuwa na kina cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Mbao za kuzuia kuta zilikuwepo hadi Alhamisi, kisha zikachukuliwa kujengea jukwaa, maana mwenye nyumba alikuwa na sherehe. Mvua ilikuwa imenyesha. Alasiri ukuta mmoja ulijilaza juu yao, na wa pili ukaufuata. Were, aliyekuwa juu, aliwaita kwa majina yao, halafu akaitwa yeye na wakubwa wake. Jumatatu bomba likalazwa juu yao, udongo ukarudishwa, nyasi zikapandwa.

"Nyasi zenyewe ni nzuri," Shem alisema. "Huwa wanazikata Alhamisi. Na Muthama, ile koleo yako niko nayo huku."

"Nilijua ni wewe," alisema Muthama, naye hakuwa na kinyongo. Kwa miaka mitatu alikuwa amewashuku watu wengine wawili.

Nanjala alifurahi. Lazima lisemwe hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mume wake alikuwa amekufa chini ya nyasi za mtu, na yeye alihisi mwili wake wote ukilegea, kuanzia shingoni, kama mtu aliyetuliwa mtungi baada ya kupanda mlima. Hakuachwa. Hapakuwa na muuza chai. Alilia kilio kizuri, cha sauti, kile alichokuwa akikidai kwa miaka mitatu, na kila alipofikiri kimeisha kikaanza tena naye akakikaribisha.

Nakhumicha aliingia ndani akifuta mikono kwenye leso. Alivuta kiti akakaa mbele ya mkamwana wake, akamtazama usoni.

"Nanjala," alisema. "Kunywa chai."

Chai haikuwa imepikwa. Aliinuka akaenda kuipika.

Jumapili kinanda kilipelekwa kanisani, na nondo ikapigiliwa kando ya mlango, penye maua. Nanjala alikaa kwenye vibao, mstari wa mbele. Shem akaimba besi, na sauti yake ikatokea kwenye spika iliyowekwa mbele ya wanaume. Were alikuwa amesimama hapo hapo, mahali pake pa siku zote. Aliimba ubeti wa kwanza wote. Kwenye wa pili akafunga kitabu.

"Bado anachelewa kuingia," alimwambia Nanjala baada ya ibada.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na ukatuambia Kampala."

Were alizungusha kofia yake. "Waliniambia nikifungua mdomo kazi imeisha, na nina watu nyumbani. Nikatafuta neno ambalo mtalishika haraka, mtu asinirudie na maswali. Mlilishika haraka sana. Hata mimi nilishangaa."

Hapo Were alisema kweli.

Kituo cha polisi kiliwapokea kwa adabu. Ofisa aliyekuwa zamu alisikiliza kinanda hadi mwisho, akamwomba Mwanzia arudie sehemu ya mbao, kisha akaeleza kwamba maelezo huandikwa kutoka kwa mtu mwenye kipande, yaani kitambulisho, na vipande vya hawa viko mfukoni mwao, chini. Kampuni ilisema inasikitika kwa yaliyotokea, kama yalitokea. Mwenye nyumba, mtu mpole, aliwakaribisha soda kwenye nyasi zake na kueleza kwamba bomba lile linahudumia barabara nzima, na likifukuliwa majirani watateseka. Shem alipoelezwa alisema aliyalaza mabomba mengi maishani na mtu huyo hakudanganya. Mambo yakabaki hivyo.

Kwa hiyo walimzika Shem kwao Bungoma kwa namna anavyozikwa mtu ambaye mwili wake haupatikani. Nakhumicha mwenyewe aliingia migombani nyuma ya nyumba, akapita kati ya mashina akiyapima kwa kiganja, akalikataa hili kwa ufupi na lile kwa wembamba, mpaka akapata shina lenye urefu wa mwanawe. Likakatwa, likavishwa koti la Shem la kwaya, likalazwa kwenye jeneza. Watu walikuja wengi na walilia sana. Nanjala alinyolewa kichwa, akapishwa kiti cha mbele chini ya turubai, na wanawake walimshika mikono kila upande. Upepo ulimpiga kichwani na alihisi wepesi. Alikuwa mjane, na kila mtu alijua la kumwambia.

Alirudi Woodley akidhani kinanda kitanyamaza, maana mtu akizikwa huwa ametulia. Jumapili alipokiwasha, Mwanzia aliuliza safari ilikuwaje. Kisha Shem akaingia, amechelewa, na wimbo ulipokwisha akasema nyumbani amefika vizuri na migomba amepanda mpya, lakini Jumapili atakuwa anarudi kwa ajili ya kwaya, kwa sababu besi ya Were peke yake haitoshi. Nakhumicha, aliyekuwa ameketi na akina mama, alitikisa kichwa kukubali. Hilo hata yeye alikuwa ameligundua.

Kwaya ilisifiwa mwaka ule. Watu walitoka hadi Kinoo kuja kuisikia. Mwalimu alijifunza kupanga nyimbo ili sauti za chini zipokezane, na yule wa pili asiye na maneno alionekana kuwa na sauti nzuri sana ya tenori. Nanjala alirudi kula, akanenepa kidogo, akashona gauni. Jioni alipotoka kiwandani alipitia kwenye kibanda cha Muthama, wakazungumza juu ya transista, na hakuna aliyemsema, kwa kuwa mjane anaweza kuzungumza na fundi.

Kampuni nayo ilipata kazi nyingine, mtaro mrefu wa maji huko Kinoo, kando ya barabara kuu. Were akapewa unyapara. Nanjala alimwuliza mlangoni pa kanisa kama safari hii mbao zipo. Were alisema ameziomba na ameambiwa ziko njiani. Alisema hivyo akitazama maua, pale nondo ilipopigiliwa, na udongo ulikuwa umelowa, kwa kuwa mvua ya Aprili ilikuwa imeanza.

Jumapili iliyofuata Nanjala aliwasha kinanda, akangoja kipate joto. Mwanzia alisalimu. Shem alisalimu. Wa pili alisalimu. Halafu sauti ya kijana ambayo hakuna aliyeijua ikauliza, kwa upole, wanaanzia noti gani.

Kwenye mstari wa besi Were alisogea kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nanjala hakubonyeza kibao bado. Aliinama karibu na spika.

"Pole, kijana wangu," alisema. "Unaitwa nani?"

"Macharia."

"Kwenu ni wapi?"

"Hapo hapo Kinoo. Nyuma ya posho mill. Mama ananingoja tangu Ijumaa."

"Amekwisha kuambiwa kitu?"

"Bado."

Nanjala alimwomba Muthama ashike vibao, akavua joho la kwaya, akachukua mkoba wake na kitambaa cha kichwa. Nakhumicha alikuwa ameshasimama kumfuata, viatu mkononi. Walitoka wakipita kando ya nondo, wakiwa na haraka, wamfikie mwanamke yule kabla Were hajatumwa kwake na habari kwamba kijana ameonekana akipanda basi la Mombasa.