Linaloelea Halipo

Jumamosi saa nne asubuhi, mfunga majaketi ya kuokolea maisha alikuwa amepiga goti gatini, akimkazia mkanda mteja mmoja mnene wa mitumbwi ya kukodi, mdogo wake mwenyewe alipopanda kutoka ziwani na kusimama kwenye foleni. Mdogo huyo alikuwa amezama wiki tatu nyuma. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye viatu vya mzee aliyetangulia mbele yake na fimbo ya kuvulia. Mzee akasogeza miguu, akaendelea kuvisha ndoano yake chambo.

Zamu yake ilipofika, alinyoosha mikono kama wateja wote.

"Dada, leo nipe linaloelea."

"Halipo. Yote ni yale yale."

Sponji ndani ya majaketi yale ilikuwa imeoza siku nyingi, ikinywa maji kama tambara. Alishamwambia bosi mara mbili. Mara ya pili aliambiwa kama kazi imemshinda, lango liko wazi. Na siku mdogo wake alipozama, yeye ndiye aliyemfunga, tena kwa mkono mzito, lisije likamvuka.

Alimfuta uso kwa kanga.

"Umekula?"

"Kule hakuna anayeuliza, dada."

Bosi akaja, akamtazama marehemu juu mpaka chini. Akampa pole, kisha akauliza kama kule chini anaona vizuri.

"Naona."

"Basi kaa huko huko. Mtumbwi ukipinduka, wasukume watu juu. Sasa majaketi mapya ya nini?"

Marehemu akamgeukia dada yake. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne, wawili wake, wawili wa marehemu, na wote walikula kwa kazi hii. Dada akainamia mkanda, akamkazia. Mdogo wake akashuka ngazi taratibu, maji yakamfunika utosi.

Jumamosi mbili mambo yalikwenda shwari. Ya tatu, mitumbwi miwili ilipinduka kwa mpigo, mmoja huku, mwingine ng'ambo, na marehemu hakuweza kuwa pote.

Wiki iliyofuata walipanda wawili kutoka ziwani. Wa pili alikuwa msichana, mteja wa Jumamosi ile, kafi bado mkononi, hajui aliweke wapi.

"Afadhali," bosi akasema. "Kila upande una mtu wake."

Mfunga jaketi akapiga goti mbele ya msichana.

"Mbona zito hivi, shangazi?"

"Utalizoea, mwanangu," akamjibu, akakaza mkanda. Foleni ikasogea.