Pombe ya Mzee Marselino

Vestina hakuhitaji kuambiwa. Aliliona shimo la ndizi nyuma ya nyumba, limefunikwa majani ya migomba na udongo mbichi, akajua baba yake ana jambo. Mgane anayekula peke yake hafukii mikungu minne kwa ajili ya koo lake.

"Pombe hii ya nani, baba?"

Mzee Marselino alikuwa ananoa panga. "Ya kunywewa."

"Na nani?"

"Na wenye midomo. Umetoka Kasulu mpaka Kitahana kunihesabia ndizi?"

Vestina alikuwa amekuja kupanga siku ya kuondoa tanga. Mama yake, Immakulata, alikuwa na miezi kumi na moja kaburini. Mwezi ujao ukoo ungekaa, ungekunywa, na Mzee angekuwa huru kuoa akitaka. Mwezi ujao, si sasa. Aliingia chumbani akakuta kitenge cha mama hakipo msumarini. Hakuuliza. Baba yule tangu mazishi alikuwa na kitu nyuma ya macho, na kila ukikikaribia alikuwa anakumbuka kazi shambani. Vestina hakuogopa baba kuoa. Aliogopa kufanywa mjinga, yeye na mdogo wake, juu ya kaburi la mama yao.

Jumanne mdogo wake huyo, Reverien, fundi pikipiki wa Kibondo mjini, alimpigia simu.

"Dada, Mzee anasafiri keshokutwa. Kaja kuazima koti. Lile la harusi yangu."

"Ukampa?"

"Ningefanyaje? Mzee akipendeza ni dhambi?"

"Mpumbavu wewe. Utakuja kumwamkia msichana wa rika lako 'shikamoo mama', ndipo utajua kapendeza."

Reverien alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Anapanda basi la Kasulu," alisema. "Huko kwako."

Alhamisi Vestina aliacha cherehani, akajibanza kituoni nyuma ya mwavuli wa wauza vocha. Baba akashuka. Mikono ya koti ilimfika vidoleni. Alikumbatia kibuyu kikubwa, na kibuyu kilikuwa kimefungwa kwa kitenge cha mama.

"Anampelekea mwanamke nguo ya marehemu," Vestina alisema peke yake, na damu ikampanda masikioni.

Mzee alipanda bodaboda. Vestina akapanda nyingine.

"Mfuate yule."

"Mumeo?"

"Baba yangu. Na ufunge mdomo usimeze vumbi."

Walikwenda hivyo mpaka Muyama, vumbi jekundu likiwatangulia, na bodaboda ya mbele ikasimama nje ya ua ambao Vestina aliufahamu vizuri. Ni kwa mjomba Niyubahwe, kaka pekee wa mama. Mtu yule hakukanyaga mazishini. Baba mwenyewe aliwaambia: "Nimempelekea habari, kasema hana nafasi." Tangu siku hiyo kila Vestina alipokutana na mjomba soko la Kasulu, alimpa kisogo.

Kumbe mke anatafutwa humu humu, kwa wasiojua kuzika! Akaingia uani bila hodi, maneno yakiwa tayari kinywani.

Baba yake alikuwa amepiga magoti. Kibuyu kilikuwa mbele yake, mrija umechomekwa. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akamtazama Vestina.

"Na huyu leo ananiona?"

Mzee Marselino hakugeuka.

"Shemeji," alisema, "nimekuletea msiba. Immakulata hatunaye. Siwezi kuondoa tanga na wewe hujamlilia."

"Baba! Si ulisema ulimwambia akakataa?"

"Niliwadanganya."

Vestina aliijua pombe ya posa tu. Rika lake lilitangaza vifo kwa simu. Hii nyingine, ya kupeleka habari ya kifo kwa ndugu wa mke, alikuwa hajaiona hata siku moja.

"Nilisikia sokoni," mjomba alimwambia Vestina. "Nikakuona na wewe umenyoa kichwa, unanigeuzia mgongo. Nikajua. Lakini ya sokoni ni ya sokoni. Msiba huletwa na mwenye nyumba, kwa miguu yake. Mwaka mzima nimekaa, na kwangu mimi dada yangu hajafa." Akamgeukia Mzee. "Haya. Sema tangu alipoanza kuumwa. Unajua mwenyewe, juu ya pombe hii mtu hadanganyi."

Jasho lilikuwa linamtiririka Mzee kwenye kola ya koti la kuazima. Hapo Vestina akaanza kuelewa kwa nini safari ya nusu siku ilimchukua baba yake miezi kumi na moja.

"Aliugua siku ngapi?"

Jibu Vestina alikuwa nalo. Mbili. Malaria ya ghafla, siku mbili, akaenda. Ndivyo yeye na Reverien walivyoambiwa.

"Tisa," Mzee alisema.

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"Siku ya tatu aliniomba nimpeleke hospitali. Maharage yalikuwa uwanjani, mvua inanyemelea. Nikamwambia, subiri kwanza tupure."

Laiti siri ya baba ingekuwa mwanamke. Vestina alimtamani ghafla yule mwanamke aliyemtafuta wiki nzima, amkute hapa na kanga yake mpya, amtukane, amzoee.

Mjomba aliuinamisha mrija kumwelekea. "Wewe ndiye damu yake. Ukinywa, na mimi nitakunywa. Iishe."

Baba akanyanyua uso, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa yanaomba.

Vestina akaketi chini, kwenye vumbi, karibu naye. Mrija hakuugusa.

"Bado siku sita," alisema. "Siku ya nne ikawaje, baba?"