Marehemu Ananyanyuka

Mume wangu watu wanamwita Marehemu, na mimi kwa hiyo ni Mke wa Marehemu. Nimeshapewa pole na watu nisiowajua mpaka nimechoka kueleza. Ni mwigizaji wa filamu za kutisha, na kazi yake ni kufa. Hajawahi kuwa shujaa wala zimwi, yeye ndiye yule jamaa anayesikia kishindo ghalani na kusema, "Ngoja nikaangalie." Vijana wanavaa fulana zenye sura yake, macho yamemtoka pima.

Mama mkwe hajawahi kumaliza filamu hata moja. Mwanawe akiukaribia mlango wa ghala, yeye anatoka nje. "Sikumzaa ili nimtazame akiliwa," husema. Sasa macho yake yameingia ukungu, daktari amesema hayatadumu, na ombi lake ni moja tu: amwone mwanawe yuko hai mpaka mwisho wa picha.

Mume wangu akaenda kumbembeleza mwongozaji. Mwongozaji akacheka mpaka akakohoa. "Ukipona wewe, nani atakuja kutazama?" Nilitamani kumzaba kibao.

Pale kazini wana desturi yao. Ukiuawa mbele ya kamera, huondoki hivi hivi. Unanyanyuka, unampa mkono aliyekuua, mnajuliana hali, ili kifo kibaki pale pale kisikufuate nyumbani. Basi Marehemu akatafunwa vizuri, akalala, akanyanyuka. Mpiga picha alikuwa hajazima kamera. Na mhariri, shemeji yake mwongozaji, aliyepata kazi kwa undugu tu, hakukata kitu.

Siku ya onyesho la kwanza tulimweka mama katikati yetu. Alisema safari hii hatoki, liwalo na liwe. Zimwi likamrukia mwanawe, mama akafunika uso kwa viganja. Ukumbi ukapiga mayowe. Kisha maiti ikaketi, ikajifuta damu ya nyanya shavuni, ikanyoosha mkono.

"Mtoto anaendeleaje na homa?"

"Ameshapona, kaka," likajibu zimwi. "Samahani kwa yale meno."

Watu wakapanda juu ya viti kwa furaha. Mwongozaji akatoka kumtafuta shemeji yake. Mama alikuwa ameshusha viganja.

"Kumbe huwa anaamka!" akawageukia waliokaa nyuma. "Na mimi miaka yote hii natoka mapema, mjinga mimi!"

Hatukuwa na moyo wa kumweleza. Sasa anataka kuziona zote, tangu ya kwanza, na anakaa pua ikigusa televisheni akisubiri mwanawe aamke. Katika hizo za zamani haamki. Lakini mama siku hizi anaona vivuli tu, kwa hiyo Marehemu akishakufa kwenye kioo, ananyanyuka kutoka kwenye kochi, anapita mbele ya televisheni, anajifuta shavu lisilo na kitu, anampa mama mkono. Mimi hulia kila mara, na sioni aibu.

Mama anaupapasa ule mkono mpaka aridhike kwamba una joto.

"Haya, pole na kazi, mwanangu," anasema. "Weka nyingine."