Mgeni wa Siku Mbili

Nyumba nne zilikwisha kumkataa msusi, na zote kwa sababu moja: mama yake. Wenye nyumba wa mtaa ule walimchekea mpaka jino la mwisho, lakini wakisikia kuna bibi wa miaka themanini, meno yote yanarudi ndani. Wazee wanaugua, walisema. Mzee akifia ndani, wapangaji wengine wanahama. Utadhani vijana wao wana mkataba na kifo!

Na Jumamosi iliyokuwa inakuja, chumba walichokuwa wakikaa kingebomolewa. Ndiyo maana, kwa nyumba ya tano, msusi alimkubalia dalali wake.

"Dada, sema mama ni mgeni wa siku mbili. Mkishaingia, nani atawatoa?"

Alikubali, akamweleza na mama. Tangu hapo msusi hakuweza kumtazama usoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Vyumba viwili vya chini, choo cha ndani, dirisha la jikoni linalofungwa bila kupigwa teke. Mama alizunguka polepole, akagonga kuta, akafungua bomba, akanusa maji.

Mwenye nyumba, baba mmoja mwenye tabasamu la kupimia watu, akauliza, "Bibi, umekuja kumtembelea binti?"

Dalali akakohoa. Mama akamgeukia binti yake, akangoja, wala hakumsaidia hata kwa kope.

Msusi alihisi aibu inampanda mpaka masikioni. Miaka yote alikuwa binti wa mwanamke huyu mbele za watu, leo anamkana kwa ajili ya dirisha la jikoni?

"Hajaja kunitembelea," alisema. "Tunahamia wote. Kwenye mkataba andika jina lake kwanza, langu lifuate."

"Mimi wazee sichukui."

"Na hizo mvi zako umepaka chokaa?" msusi akamuuliza.

Mwenye nyumba akarudisha funguo mfukoni. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nje, dalali alikuwa karibu kulia. "Dada, nyumba kama ile! Umejiharibia mwenyewe."

"Nimeharibu. Una nyingine?"

"Ipo moja nyuma ya soko, lakini mwenye nyumba ni mama mkali, hapendi usumbufu..."

"Mpigie sasa hivi, hapa hapa, nikisikia. Mwambie wapangaji ni wawili, mmoja mzee, na hafichwi. Kama hataki, aseme tusipoteze soli za viatu."

Dalali akapiga. Akaanza kwa kuzunguka: kuna familia ndogo, watu watulivu, sasa kuna na... kuna na kijimzee fulani hivi...

Mama akanyoosha mkono, akampokonya simu.

"Haloo," alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Kijimzee ndiye mimi. Nasikia hupendi usumbufu. Na sisi hatupendi. Haya mwanangu, tuelezee tabia zako."