Kambale Hawangoji Muhuri

Simu ilitetema mfukoni mwa karani kikao kikikaribia kuanza. Shangazi yake.

"Wanakulana," alisema, bila hata salamu. "Vifaranga wa kambale wakibanana, wakubwa wanameza wadogo. Tangi limewazidi, na bwawa nimelichimba limekaa kavu kama sinia. Baba, hicho kibali kinatoka lini?"

"Leo nawabana maofisa, shangazi. Leo hawatoki."

Kikao kilikuwa cha kufupisha safari ya kibali cha kufuga samaki, na yeye ndiye aliyekipanga. Aliwaketisha maofisa kwa mfuatano ambao faili huwapitia, akampa wa kwanza faili moja. Lipite mkono kwa mkono, kila mmoja aseme analifanyia nini. Mguu wake haukutulia chini ya meza.

"Mimi sitoi maji bila ripoti ya mkaguzi," alisema ofisa wa maji, ambaye wote walimwita Bwana Maji.

"Na mimi sikagui shimo kavu," alisema mkaguzi, mama aliyepandisha miwani kichwani. "Nitajuaje kama linavuja?"

"Mimi nawasubiri nyinyi mmalizane," alisema wa ardhi, akalirudisha faili kwa Bwana Maji. Kicheko kikalipuka.

"Mnacheka!" Karani alisimama. "Huko samaki wanakwisha! Nendeni wote siku moja, bwawa lijazwe mbele yenu, msaini palepale!"

Bwana Maji aligeuza jalada. "Kumbe hili la shangazi yako! Mkombozi wa umma, umeanzia nyumbani?"

"Ni lake. Mkitaka, anzeni na jingine. Yote yamekwama hapohapo."

Mkaguzi alikuwa akimtazama. "Na wewe mbona hukukaa kwenye mstari? Faili likitoka kwa kila mmoja wetu linapita kwako. Unalifanyia nini?"

Meza ya karani ilikuwa dirishani, yenye kibao cha jina na muhuri wa tarehe. Aliuonea fahari muhuri ule. Kila faili lililala hapo kabla ya kuamkia kwa mwingine, na alipokuwa akiwapanga wenzake, hiyo meza hata haikumjia akilini.

"Nalilaza," alisema. "Iondoeni."

"Nini?"

"Meza yangu."

Mkuu wa ofisi alikuna kidevu. "Sasa wewe tutakuweka wapi?"

"Sijui, mzee. Lakini gari liko nje."

Bwana Maji alinyanyuka, safari hii bila utani. "Twende kwa shangazi. Katika rundo langu hakuna aliyengoja kama yeye. Faili lake nimelikalia mimi."

Alasiri, kwa shangazi, bomba lilikuwa likimwaga maji bwawani, yamefika magotini. Mkaguzi alizunguka kingo akizikanyaga, wenzake wawili nyuma yake.

"Na ofisini umemwachia nani meza?" shangazi aliuliza.

"Haipo tena."

"Haipo vipi?"

"Shangazi, maji hayo yanaingia. Mengine baadaye."

Karani alichungulia tangini. Kambale waliobaki walikuwa wachache, wanene, wakipishana bila kutulia. Naye hakutulia, alienda, akarudi, akaenda tena.

"Halivuji," mkaguzi alisema hatimaye, akanyoosha mkono. "Nipe."

Karani alipapasa mfuko, akatoa muhuri wake. Alikuwa ameubeba bila kujua.

"Kalamu, mwanangu. Huo hauna kazi hapa."

Alimpa kalamu, maofisa watatu wakasaini kibali kwa zamu. Kisha akakunja suruali, akaushika mpini wa ndoo upande mmoja, shangazi upande wa pili, wakaanza kuwahamisha kambale bwawani.