Isale la Mektrida

Tingatinga lilisimama karibu kabisa na kaburi, injini ikinguruma. Mektrida alikuwa amekaa juu ya saruji ya kaburi hilo, la mumewe Melkior, tangu alfajiri. Kanga ilimlowa umande, tumbo halina kitu. Migomba ya upande wa barabara ilikuwa imeshaangushwa.

"Shikamoo mama," alisema Eliakim, afisa wa mradi, akitazama saa. "Si tulishaelewana?"

"Marahaba. Ulielewana na nani?"

Mji ulikuwa umevimeza vihamba vya Kiboriloni, mashamba ya ukoo, kimoja kimoja, kikabaki hiki. Sasa wakubwa walitaka kujenga hapa Kijiji cha Utamaduni, ili vizazi vijavyo vijue Wachagga waliishi vipi. Mektrida, ambaye bado aliishi hivyo, apelekwe kwenye kiwanja kikavu huko chini, upande wa Himo. Hizo ndizo akili za wenye mihuri.

"Mama, tunalinda urithi wa wajukuu zako."

"Urithi wao umeukanyaga hapo."

Akainuka, akachuma jani la isale kwenye uzio, akalifunga fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa isale hakatai ombi. Hata aliyemuua ndugu yako akija nalo, unamsamehe. Eliakim alilijua hilo tangu utotoni. Akaficha mikono mgongoni upesi.

"Liweke chini, mama. Usinifanyie hivyo, tafadhali."

Violet, mchoraji wa ramani za mradi kutoka Dar, aliyesimama kando yake, hakujua. "Jamani, zuri!" akasema, akalipokea. "Asante bibi."

"Amepokea!" Mektrida alipaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Mmeona wote, amepokea!"

Dereva wa tingatinga, Tito, mtoto wa Kirua Vunjo, Mchagga naye, akazima injini, akashuka. "Siendelei, bosi. Isale limepokelewa."

"Utafukuzwa kazi."

"Heri nifukuzwe."

Eliakim akaenda pembeni kupiga simu. Mchana akaja dereva mwingine, mtu mpole wa mkoa wa mbali, asiyejua habari za isale. Mgambo wawili walimshika Mektrida makwapani wakamkalisha kando ya barabara, naye bado anasema amepokea, amepokea. Tingatinga likaanza na uzio, kisha kaburi.

Violet alikuwa kivulini, jani bado mkononi.

"Hili lina maana gani hasa?" alimuuliza Eliakim. "Nataka tuliweke ndani ya kioo kwenye mlango wa Kijiji, na maelezo chini yake."

Eliakim alijifuta vumbi usoni.

"Ni mapambo tu," alisema.